Kutia Grafini kwenye Saruji ya Kuhimili Moto: Mwongozo Kamili kwa Wajenga Matanuri

Fundi anayesikia habari za grafini kwa mara ya kwanza huuliza atie gramu ngapi. Kabla ya gramu kuna swali la moto: utafika nyuzi ngapi, na utafika wapi ndani ya ukuta? Ukilijibu hilo, gramu ni hesabu ya dakika tano. Usipolijibu, utanunua kitu ghali na moto utakula chote siku ya kwanza.

Mwongozo huu nimewaandikia wanaojenga matanuri madogo: ya kuyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria, ya mkate, ya kuchomea vyungu na vigae. Mfano nitakaotumia tangu mwanzo hadi mwisho ni kifuniko cha tanuri la alumini, kwa sababu ndicho kinachopasuka mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Kinanyanyuliwa kikiwa chekundu, kinawekwa chini kwenye upepo, kinarudishwa, na kila mara kinabeba uzito wake chenyewe. Joto lote nitakalotaja ni la Selsiasi.

Grafini inafanya nini, na haifanyi nini

Grafini ni kaboni tupu, utando wenye unene wa atomi moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 2004 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Utando usio na dosari unastahimili mvuto wa gigapaskali 130 hivi, mara nyingi zaidi ya chuma cha pua. Namba hiyo ndiyo inayowavutia wauzaji, na ndiyo inayowapoteza wanunuzi, kwa sababu ndani ya saruji grafini haifanyi kazi ya nondo. Vipande vyake ni vidogo mno, vinapimwa kwa maikromita. Haviwezi kushikilia ufa unaouona kwa macho.

Kazi yake inaanza mapema, wakati saruji inashikana. Fuwele za saruji zinapata mahali pa kuanzia juu ya vile vipande, zinaota zikiwa nyingi na zimebanana, na vitundu vya maji vinavyobaki kati yake vinakuwa vidogo zaidi. Baadaye, nyufa changa kabisa zikianza kutambaa, zinakutana na vipande hivyo na kulazimika kuzunguka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston walitangaza kwamba asilimia 0.1 ya grafini waliyoitengeneza kwa mshtuko wa umeme iliongeza nguvu ya kubanwa ya saruji kwa takribani asilimia 35 baada ya siku 7. Hiyo ilikuwa saruji ya kawaida, haijapelekwa motoni.

Kaboni yenye hewa na joto inaungua. Kwenye tanuri lenye hewa, vipande hivi vinaanza kuliwa kati ya nyuzi 450 na 600 kutegemea unene na usafi wake. Kwa hiyo sehemu inayotazama moto wa nyuzi 900 haitabaki na grafini. Viwanda vya chuma vinatumia matofali ya magnesia yenye kinywe (grafaiti, ile kaboni ya ndani ya penseli) asilimia 5 hadi 20, na yanadumu, lakini pale hewa ni haba na ndani ya tofali wametia unga wa metali unaowahi oksijeni kabla haijaifikia kaboni. Usilinganishe na tanuri lako la mkaa na feni.

Hapo ndipo unapotokea msimamo wangu: grafini ipewe sehemu ya ukuta isiyovuka nyuzi 450, na isaidie katika vipindi viwili ambavyo matanuri mengi yanaharibikia, yaani kukausha na ule moto wa mwanzo. Kwenye kifuniko, sehemu hiyo ni upande wa juu, wa baridi. Tena huko ndiko inakohitajika. Moto ukipanda, upande wa chini unatanuka na kujikuta umebanwa, wakati upande wa juu unavutwa. Saruji inavumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa. Ufa wa wakati wa kupasha moto mara nyingi unaanzia juu, kwenye uso wa baridi.

Hatua ya 1: Pima joto, usikisie

Tafuta themokapo aina ya K, yaani waya wa kupimia joto kali, na kipimo chake. Washa tanuri ulilonalo, pima ndani, kisha pima nje ya ukuta likiwa limewaka saa mbili au tatu. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, na tanuri la kusubu kwa kawaida linaendeshwa kati ya 750 na 900. Tuseme ndani ni 900 na mgongo wa kifuniko ni 250. Ukiwa na kifuniko cha sentimita 8 na joto linashuka kwa mstari ulionyooka, sentimita 5 kutoka upande wa moto utakuta karibu nyuzi 490. Tanuri la kusubu haliwaki siku nzima, kwa hiyo joto halisi la hapo linakuwa chini kidogo, karibu na ule mpaka wetu wa 450. Basi mpango wetu ni huu: sentimita 5 za chini bila grafini, sentimita 3 za juu zenye grafini, zimiminwe mbichi juu ya mbichi ili zishikane kama kipande kimoja.

Hatua ya 2: Saruji na kokoto

Hapa ndipo tanuri linapojengwa kweli. Ukikosea hapa, grafini haitakuokoa.

Saruji ya kawaida ya mfuko, ile ya kujengea nyumba, ina chokaa nyingi iliyoshika maji. Kati ya nyuzi 400 na 500 chokaa hiyo inaachia maji. Tanuri likipoa, inanyonya unyevu wa hewani, inavimba, na zege linamong'onyoka siku chache baadaye ukiwa hata hujaliwasha tena. Mafundi wengi wanalaumu moto, kumbe uharibifu umefanywa na unyevu. Kwa ganda la nje la tanuri la mkate au kitako cha bomba la moshi, ambako joto halivuki nyuzi 300, unaweza kuitumia, mradi asilimia 20 hadi 30 yake uibadilishe kwa unga laini wa matofali ya kuchoma au pozolana (kama majivu ya volkano), vinavyoikamata chokaa hiyo kabla haijaleta madhara.

Kwa tanuri la alumini tumia saruji ya alumina, yaani yenye oksidi ya alumini kwa wingi. Ilibuniwa Ufaransa na Jules Bied, hataza yake ni ya mwaka 1908. Inauzwa katika madaraja: yenye alumina asilimia 40 hivi, ya rangi ya kijivu cheusi, na nyeupe za asilimia 70 na 80 kwa mioto mikali ya viwandani. Kwa nyuzi 900 ile ya 40 inatosha kabisa. Usitumie pesa kwenye nyeupe. Kitu kimoja uwe mkali nacho: isikutane na saruji ya kawaida wala chokaa. Hata mabaki yaliyoganda kwenye karai au koleo yanaweza kuifanya ishikane ghafla mikononi mwako. Osha vyombo mpaka ving'ae.

Kokoto nazo zichaguliwe kwa moto. Mchanga na mawe yenye kwazi (madini ya silika) yanabadilika umbo kwenye nyuzi 573 na kutanuka ghafla. Kokoto za mawe ya matumbawe, zinazotumika sana pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara, ni chokaa tupu. Ndizo zilezile zinazochomwa kupata chokaa ya kujengea. Ukizitia kwenye tanuri, umejenga tanuri la kujichoma lenyewe. Tumia matofali ya moto yaliyovunjwavunjwa. Yaliyokwishatumika yanafaa pia, ukishaondoa sehemu zenye kioo cha majivu na masizi.

Kwa kila kilo 10 za mchanganyiko mkavu:

- kokoto za tofali la moto, milimita 2 hadi 5: kilo 4
- chenga zake, chini ya milimita 2: kilo 3
- unga wake laini, unaopita kwenye chekeche ya unga: kilo 1
- saruji ya alumina: kilo 2
- nyuzinyuzi za polipropilini (plastiki): gramu 6

Zile nyuzinyuzi ni za bei rahisi na zinafanya kazi kubwa. Zinayeyuka karibu na nyuzi 165 na kuacha vinjia ambamo mvuke unatoka badala ya kulipua ukuta. Ukitia grafini na kubana vitundu vya saruji, mvuke unapata njia chache zaidi, kwa hiyo anayetia grafini akaacha nyuzinyuzi anajitafutia mlipuko. Viwili hivi vinakwenda pamoja.

Hatua ya 3: Nunua grafini ya aina gani

Kwa kazi hii nunua grafini oksidi iliyokwisha kutawanywa kwenye maji. Kiwango cha kawaida sokoni ni gramu 4 kwa lita. Oksidi ina oksijeni pembezoni na usoni mwa vipande vyake, ndiyo maana inakubaliana na maji na inashikana na saruji. Rangi yake ni kahawia ya asali, ikiwa nzito inakaribia weusi. Ukiletewa chupa yenye maji meupe juu na tope jeusi chini, ambalo hata ukilitikisa halichanganyiki, irudishe.

Kuna pia vipande vya grafini vikavu, vyeusi, vinavyouzwa kama unga. Ni nafuu kwa gramu, lakini haviyapendi maji. Vinaelea na kufanya mabonge. Bonge moja ndani ya zege ni tundu lililojazwa kitu kinachoteleza. Kama huna kifaa cha kuvitawanya sawasawa, viache.

Tanzania ina madini ya kinywe kwa wingi, Mahenge na Ruangwa kwa mfano, na wapo wanaodhani kukisaga kinywe kunatoa grafini. Kusaga kunatoa kinywe laini. Kila chembe bado ni maelfu ya tabaka zilizolaliana, zinateleza, zinataka maji mengi, na zege linadhoofika. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College, Dublin, walionyesha kwamba hata blenda ya jikoni yenye maji na sabuni inaweza kuzitenganisha tabaka hizo. Ni kweli, lakini kinachopatikana ni kidogo sana, na ile sabuni inaleta povu ndani ya saruji. Povu ni matundu.

Na tafadhali, usijaribu kutengeneza grafini oksidi nyumbani wala kwenye karakana. Njia inayozunguka mitandaoni ni ile ya Hummers ya mwaka 1958: kinywe, asidi ya salfuriki kali na potasiamu pamanganeti. Vitu viwili hivyo vya mwisho vikikutana vinazaa oksidi ya manganizi inayolipuka. Hata bidhaa yenyewe ikikauka kuwa karatasi na kupashwa joto haraka, inaweza kuwaka kwa ghafla. Inunue ikiwa ya maji, itunze ikiwa ya maji, isikaukie kwenye chombo.

Hatua ya 4: Hesabu

Kifuniko chetu kina kipenyo cha sentimita 45, unene 8, na tundu la sentimita 10 katikati. Ujazo wake ni lita 12 hivi. Lita moja ya zege hili inameza karibu kilo 2 za mchanganyiko mkavu, kwa hiyo tunahitaji kilo 24: kilo 15 kwa sentimita 5 za chini, kilo 9 kwa sentimita 3 za juu. Kwa tabaka la juu changanya kilo 10 kamili, kwa sababu lazima kitu kibaki kwenye karai.

Kiwango cha grafini oksidi kinapimwa kwa uzito wa saruji peke yake. Anza na asilimia 0.03. Saruji ni kilo 2, yaani gramu 2,000. Zidisha kwa 0.0003 upate gramu 0.6. Kwenye maji ya gramu 4 kwa lita, hiyo ni mililita 150. Kikombe kidogo cha kahawa, na hicho ndicho kinachotosha tabaka lote la juu.

Mililita 150 hizo ni maji karibu matupu, kwa hiyo zitolewe kwenye maji ya kuchanganyia. Kilo 10 zinataka lita 1.05 kwa jumla. Wanaosahau kutoa hujikuta na zege jepesi, halafu wanasema grafini haifanyi kitu.

Usishawishike kupanda juu ya asilimia 0.05. Kadiri inavyozidi, zege linakuwa zito kuchanganya, vipande vinaanza kushikamana, na faida inageuka hasara.

Hatua ya 5: Kutawanya

Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na pesa iliyotupwa, na inaweza kuonekana kwa macho kwenye glasi mbili.

Chukua gramu 20 za saruji ya alumina, tikisa ndani ya mililita 200 za maji kwa dakika 10, acha ituame, kisha chuja kwa kitambaa safi mara mbili mpaka upate maji maangavu. Hayo ndiyo mazingira ambayo grafini itakutana nayo ndani ya zege: yana alkali na yamejaa kalsiamu. Gawanya kwenye glasi mbili. Ya kwanza itie mililita 5 za grafini oksidi jinsi ilivyotoka kwenye chupa. Ndani ya dakika chache ile kahawia itaanza kukatika, utaona vibonge vyeusi vikielea, kisha vitazama na maji ya juu yatabaki meupe. Kalsiamu imevishika vipande pembezoni na kuvifunga pamoja. Kama ungemimina hivyo kwenye zege, ndivyo ambavyo ingekuwa humo, ila usingeona.

Glasi ya pili itie grafini oksidi iliyotangulia kuchanganywa na plastisaiza (dawa ya kulainisha zege bila kuongeza maji) aina ya polikaboksileti, PCE, inayouzwa kwenye maduka ya kemikali za zege. Molekuli zake ndefu zinajizungusha kwenye vipande na kuvizuia visikaribiane. Maji yatabaki kahawia, sawasawa juu hadi chini. Acha nusu saa. Kama bado yako vile, PCE hiyo inafaa. Kama yamekatika, ongeza PCE kidogo ujaribu tena, au badilisha aina; si kila PCE inaelewana na saruji ya alumina, na nyingine zinaichelewesha mno kushika.

Ukisharidhika, fanya ya kazi yenyewe. Yeyusha gramu 10 za PCE ya unga kwenye mililita 300 za maji safi ya kunywa. Koroga, na huku unakoroga mimina zile mililita 150 za grafini oksidi polepole. Endelea dakika 10. Kisha weka chombo kwenye mashine ya ultrasoniki, kama ile ambayo masonara wanasafishia vito, kwa dakika 20 hadi 30. Maji yakianza kuwa vuguvugu zaidi ya nyuzi 40, simamisha yapoe. Mililita 600 zilizobaki za maji weka kando.

Hatua ya 6: Fito za majaribio kabla ya kifuniko

Najua hamu ya kumimina kifuniko leo hii. Subiri. Kokoto zako si za mwingine, na saruji iliyokaa dukani miezi kadhaa si sawa na iliyotoka kiwandani.

Tengeneza fomu za mbao laini au za chuma chembamba zenye nafasi ya milimita 25 kwa 25 kwa 250. Mimina makundi mawili: moja bila grafini, la pili lenye asilimia 0.03. Maji yawe sawa, PCE iwe sawa, fundi awe yule yule. Usipoitia PCE kwenye kundi la kwanza, utakuwa umepima PCE, si grafini. Fito 15 kwa kila kundi zinakula kama kilo 5 za mchanganyiko.

Zikishakomaa siku moja kwenye unyevu na kukaushwa kwa nyuzi 110, gawa kila kundi mafungu matatu: tano ziache hivyo, tano zipeleke taratibu hadi 500, tano hadi 900. Kuzivunja hakuhitaji maabara. Laza ufito juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 200, ning'iniza ndoo katikati, tia mchanga polepole mpaka ukatike. Pima ndoo na mchanga wake. Kwa vipimo hivi, kila kilo moja ni megapaskali 0.19 za nguvu ya kupinda. Ufito uliokatika kwa kilo 26 una megapaskali 5 hivi. Hakikisha vipimo vya ufito ni sahihi kweli, kwa sababu unene ukipungua milimita mbili tu namba inapotoka sana.

Soma matokeo kwa uaminifu. Kwenye 110 tarajia tofauti. Kwenye 500 itapungua, na saruji yenyewe itakuwa imeshuka nguvu, kwa kuwa fuwele zake zimeachia maji na mshikamano wa kauri haujaanza. Huo unakuja karibu na nyuzi 1000. Kwenye 900 usishangae makundi mawili yakilingana. Tazama pia mtawanyiko: kama fito tano za kundi moja zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko kundi na kundi, grafini haijathibitisha kitu kwenye mchanganyiko wako. Rudi kwenye kutawanya. Ikishindikana tena, mimina kifuniko bila grafini na fedha hiyo nunulia nyuzinyuzi za chuma kisichoshika kutu, ambazo zinashikilia ufa unaoonekana.

Hatua ya 7: Kuchanganya na kumimina

Vaa glavu, miwani na barakoa ya vumbi laini. Saruji hii inachoma ngozi, na vumbi la matofali ya moto lina silika isiyofaa mapafu.

Anza asubuhi. Paka fomu mafuta. Changanya kilo 15 za tabaka la chini: vikavu kwanza dakika mbili, nyuzinyuzi ukizinyunyiza kidogo kidogo zisifanye mafundo, kisha maji lita 1.6 yenye gramu 15 za PCE, dakika tano. Mimina, shindilia kwa vaibreta au kwa kugonga fomu kwa nyundo ya mpira mpaka mapovu yaache kutoka. Uso wa juu usiulainishe kwa mwiko. Uchane kwa ncha ya msumari ili tabaka la pili lishike.

Papo hapo changanya kilo 10 za pili. Mimina ile grafini yenye PCE yote, kisha zile mililita 600 kwa awamu. Zege litaonekana kavu kuliko la kwanza. Usiongeze maji kwa jicho. Chukua konzi moja, lifanye mpira, lirushe juu kama sentimita 30 na ulidake. Likipasuka mkononi, ni kavu, ongeza mililita 50. Likitiririka kati ya vidole, maji yamezidi na hakuna dawa isipokuwa kuongeza vikavu. Likitulia kwenye kiganja na kuchukua umbo la mkono, mimina.

Una dakika 20 hadi 30 tangu maji yalipoingia. Kisha funika kwa magunia mabichi na nailoni. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, ambalo ni la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, saruji ya alumina inaweza kuchelewa kushika kuliko hata mahali penye baridi. Ni tabia yake inayojulikana, usiifumue. Ikishashika itapata joto lenyewe kwa saa kadhaa, na hapo ndipo magunia yanapotakiwa yawe na maji. Saa 24 zikipita, toa fomu. Usiiache mahali pa baridi chini ya nyuzi 20 usiku ule wa kwanza. Wanaojenga Njombe, Limuru au Goma waifunike vizuri zaidi, kwa sababu saruji iliyokomaa kwenye baridi inabana mvuke na inalipuka kirahisi motoni.

Hatua ya 8: Kukausha na moto wa kwanza

Weka kifuniko kivulini penye upepo kwa siku mbili, kikisimama juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Halafu kiweke juu ya tanuri na anza hivi:

- hadi nyuzi 110, ukipanda nyuzi 20 kwa saa; kaa hapo saa 4
- hadi 300, nyuzi 25 kwa saa. Kaa saa 4
- hadi 550, nyuzi 30 kwa saa. Kaa saa 4
- hadi 900, nyuzi 50 kwa saa. Kaa saa 2, kisha zima na ukiache kipoe kikiwa kimefunika

Kanuni ya kukaa ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene, nami nimezidisha kidogo kwa sababu zege lenye grafini limebana. Jumla inakaribia siku mbili, kwa hiyo pangeni zamu. Eneo la hatari ni kati ya 110 na 350, ambako maji yaliyofungwa ndani ya saruji yanatoka kwa wingi. Ukisikia mlio wa kupasuka, punguza moto mara moja na usisogee karibu.

Kwa mkaa, kuna njia ya kujua kama mvuke umekwisha. Shika kioo cha baridi kwa koleo refu juu ya tundu la kifuniko kwa sekunde chache. Kikipata ukungu, maji bado yanatoka. Kaa kwenye joto hilo hilo. Kikibaki kikavu, panda. Kwa gesi njia hii inadanganya, maana gesi inapoungua inatoa maji yake yenyewe. Kwa gesi fuata saa.

Kikishapoa, kikague mwangani. Nyufa nyembamba kama unywele upande wa moto ni za kawaida na zinajifunga joto likipanda. Usizizibe, kwa sababu utakachojaza humo kitazuia zisijifunge na kupanua ufa. Kinachohitaji macho yako ni mgongo wa juu, kuanzia kwenye tundu la katikati kwenda pembeni. Ufa ukitokea hapo na ukaingia kucha, usikinyanyue kifuniko kwa vishikio vyake tena. Kizungushie mkanda wa chuma kisichoshika kutu, uukaze kikiwa baridi, na upime upana wa ufa huo kila baada ya kusubu mara kadhaa.